Waliyemwita Mama Kipindupindu

Wiki iliyopita nilipigiwa simu kutoka Kilwa Masoko kuambiwa kwamba amefariki mama aliyekuwa akitupikia uji na maandazi pale sokoni. Aliyenipigia alitaja jina lake, sikumkumbuka. Ndipo akasema, "Si yule Mama Kipindupindu?" Nikamkumbuka papo hapo.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara binafsi zilipofunguliwa milango, kila mwenye uwezo akijenga nyumba ya wageni. Mfanyabiashara mmoja aliijenga yake jirani na kisima tulichokitegemea mabomba yalipokauka, na shimo la choo akalichimba upande wa juu wa kisima. Masika yalipokolea, watu wakaanza kuhara. Bwana afya alikwenda moja kwa moja sokoni, akamwaga sufuria za yule mama mbele ya wateja na kulifunga genge lake. Maji hakuyauliza. Tabibu wa zahanati alikuwa na maneno mengine. "Kuhara si kwa aina moja," alituambia. "Kuna kuhara damu, kuna kunakoendelea wiki hata wiki, na kuna huku kwa maji matupu, meupe kama maji ya mchele, kunakomkausha mtu kwa siku moja. Hiki ni kipindupindu. Wengi wanaougua hawajala kwa huyu mama, ila wote wanachota katika kisima kimoja." Mama akaenda kisimani kuwasihi wanawake wenzake wachemshe maji. "Nenda zako," mmoja akamjibu, "umefungiwa genge, sasa unatafuta wa kuzama naye." Wakachota. Hata dada wa mama huyo alichota, akazikwa wiki hiyohiyo.

Mvua zilipokwisha kisima kilifukiwa kimyakimya, na nyumba ya wageni ikaongezwa vyumba. Mama hakupika tena kwa kuuza. Alihamia Tingi kulima mihogo. Nilipopita kumsalimu nilimuuliza kama kuna aliyekuja kumwomba radhi. "Nani aje, mwanangu?" alisema, akiendelea kumenya. "Bwana afya alihamishwa. Majirani wanasema ilikuwa kazi ya Mungu. Basi mimi niseme nini?"

Ruksa ile ilimpa mwenye mtaji uhuru wa kuchimba atakapo; muuza uji haikumpa hata mtu mmoja wa kumtetea. Na bado kila masika tunaanza na mama lishe. Enyi wenye vyeo, kabla ya kumwaga sufuria ya mtu, pimeni maji. Na mkigundua mmekosea, rudini sokoni mchana, watu wakiwa wamejaa, mkaseme hivyo kwa sauti.