Kadi za Bwana na Mzizi wa Mwera

Katika miaka ya hamsini nilikuwa karani wa mtaalamu mmoja wa Kizungu aliyepanga nyumba mjini Tanga. Bwana yule hakutosheka na elimu moja: aliandika juu ya mimea, juu ya maradhi ya ng'ombe, juu ya mila zetu. Kazi yangu ilikuwa kadi. Kila mwandishi wa ng'ambo alipotaja makala ya Bwana, niliandika kadi na kuiweka kwenye kisanduku, kila elimu na fungu lake. Bwana alizihesabu bila kuficha furaha, nami nikavimba kichwa utadhani nimeandika mimi.

Makala iliyotajwa kuliko zote ilihusu mzizi wa dawa ya minyoo. Mzizi ule ulitoka kwa mjomba wangu, mganga wa kijiji cha Mwera, kule Pangani. Mimi ndiye niliyempeleka Bwana, na mimi ndiye niliyekuwa mkalimani.

Baada ya shikamoo na kahawa, mjomba alieleza mti, namna ya kuchimba na kipimo. Kisha akafunga mkoba wake.

"Hayo yatosha kwa leo, mwanangu. Lililobaki lina ada yake."

Ada yenyewe kila mtu wa kwetu aliijua: nguo nyeusi ya kaniki na jogoo. Mganga hatoi sharti la mwisho la kutumia dawa kabla ya kuipokea, wala haombi mara mbili. Lakini mimi, msomi mwenye soksi ndefu, niliona haya kumdai Mzungu jogoo. Bwana alipouliza mzee amesemaje, nikajibu, "Amemaliza."

Nilijipa moyo kwamba tungerudi. Mjomba akafariki kabla ya masika, na sharti lake akaenda nalo.

Bwana akachapisha makala, na bahasha zenye habari za waliomtaja zikaanza kuja, nami nikaziandikia kadi. Za watu wa mimea hazikunitisha. Jani halimdhuru anayelichora. Zikafuata za watu wa mifugo. Kila mmoja alimnakili aliyemtangulia, na hakuna hata mmoja aliyefika Mwera. Nikawa naogopa kufungua bahasha. Hatimaye ikaja barua ya daktari wa shamba moja la mkonge upande wa bara: ameisoma makala, na anakusudia kuwanywesha watoto wa kambini ule mzizi.

Nilimwendea Bwana, nikamweleza yote, hata habari ya jogoo.

"Kimebaki nini?" akauliza.

"Sijui, Bwana. Mjomba hakukisema."

Akavuta kisanduku, akapitisha kidole juu ya kadi. "Wote hawa wamekosea, na wewe usiyejua ndiwe uliye sahihi? Siwezi kumwandikia daktari kwamba sijui."

Ningeweza kupanda basi siku ileile, nimwone daktari mwenyewe. Nauli nilikuwa nayo. Nilirudi mezani kwangu nikachonga penseli, na mpaka leo najichukia kwa hilo.

Bahasha iliyofuata ilikuwa nyembamba. Daktari alikuwa amechapisha taarifa fupi: watoto wawili wa mkata mkonge mmoja walikunywa dawa kwa kipimo kilichoandikwa, wakafa siku ya pili. Chini kabisa, kama ilivyo desturi ya wasomi, alitaja makala ya Bwana.

Bwana aliisoma amesimama. Nilitaka alie, ili nami nipate kulia. Akanirudishia karatasi.

"Andika kadi," akasema. "Hata huyu amenitaja."

Nikaandika. Nikaiweka kwenye fungu la tiba, nikafunga kisanduku.