Shaba Inayolima

Nakumbuka siku moja ya mwaka ule tuliokula bukari, ugali wetu, ya njano. Unga mweupe ulipotea Kolwezi nzima. Ule wa njano ulinuka gunia, watoto waliula wakifinya macho, na sombe, majani ya mihogo, tuliila bila chumvi. Namba ya mwaka siijui, mwanangu, shule niliacha mapema. Lakini tumbo langu linaukumbuka vizuri.

Asubuhi hiyo mchuuzi mmoja alisimamisha lori mbele ya shamba letu, upande wa njia ya Dilolo. Hakuangalia mihogo, iliyokuwa bado michanga. Aliangalia trakta.

Ah, trakta ile! Ndogo, ya kijivu, magurudumu ya mbele membamba kama miguu ya mbuzi. Babamkwe aliipata kwa mzungu aliyemfanyia kazi, kabla ya uhuru, na hata wakati huo haikuwa mpya. Haina ufunguo. Unaingiza chuma cha kuzungusha pale mbele, unavuta juu kwa nguvu, na kidole gumba unakiweka upande mmoja na vidole vingine, maana injini ikirudisha chuma kwa nguvu inakivunja. Mi nilijifunza hivyo nikiwa na mimba. Inakohoa, inapiga chafya, halafu inaanza kuongea, na kuku wote wanakimbia. Magari ya mgodi nimeyaona, yale yenye magurudumu yanayopita nyumba kwa urefu. Hayajanifurahisha hivyo.

"Mama, kamata gunia mbili za unga," mchuuzi alisema. "Mi nataka radiateri tu."

Radiateri ni lile sanduku la maji pale puani mwa trakta, linalopoza injini. Letu lilikuwa shaba tupu, na shaba ilikuwa pesa.

"Trakta yenyewe utabaki nayo," akaongeza.

"Nibaki na maiti?"

"Mama, batoto bako banalia njala, na weye unalinda chuma!"

Mamamkwe, aliyesimama mlangoni, akapiga makofi, akamwambia mchuuzi: "Umuulize vizuri, tata! Labda leo atatupikia misumari!"

Niliangalia yale magunia. Mate yalinijaa mdomoni, sikufichi. Mtoto wangu wa mwisho alikuwa mgongoni, mwepesi kama kitambaa. Lakini mvua ilikuwa karibu, na bila shaba ile injini ingechemka kabla ya kumaliza mstari mmoja. Nikasema:

"Hii shaba inalima. Haitoki."

Lori likaondoka na unga wake. Mamamkwe akaingia ndani, akabamiza mlango.

Mafuta yalikuwa shida. Trakta ile inaamka na esansi, yaani petroli, kidogo tu. Ikishapata moto, unafungua bomba lingine, inakunywa mafuta ya taa. Basi nikapita kwa majirani: leta mafuta ya taa yako, nikulimie. Walileta kwa chupa. Kijiji kizima kililala giza, tukalima. Mamamkwe mwenyewe alikuja na taa yake, akamimina mafuta yake ndani ya tangi.

Mpaka mahindi yalipoiva, tulikula viazi walivyotuletea wale niliowalimia. Kisha tukala bukari nyeupe, tukashiba, na magunia mengine yakaenda soko la Manika. Yule mtoto mwepesi ndiye baba yake Ilunga.

Na Ilunga, mjukuu wangu, amekuja juzi na taxi-moto, pikipiki ya kukodi. Anachimba madini, kama vijana wote.

"Kambo, bibi yangu, shimo letu limejaa maji. Tuuze radiateri, tukodi pampu. Trakta yako imezeeka!"

"Na mi je? Utaniuza kipande gani?"

Akacheka, lakini macho yake yalibaki pale puani mwa trakta.

Mwanangu, sikiliza. Shaba ya nchi hii naiona kila siku ikipita juu ya malori, sijaiona ikirudi na chakula. Ile kidogo iliyobaki nyumbani ndiyo ilitulisha. Kabla ya kuuza kitu, uliza kesho kitakufanyia nini. Na njaa ikikushika, usiiachie ikupangie bei. Usidharau kilichozeeka kama bado kinafanya kazi. Mungu akupe mikono ya kulima, na ukishuka shimoni, akurudishe mzima jioni.

Na weye Ilunga, ukisikia haya, chuma cha kuzungusha kiko nyuma ya mlango, na kidole gumba unajua pa kukiweka. Njoo tulime. Kuhusu radiateri, jibu langu ni lile lile:

"Hii shaba inalima. Haitoki."