Mlinzi Aliyesimamisha Moto

Sijapata kuona watu wanaojipenda kama watu wa roketi. Nimefanya kazi ya mapokezi hapa Dubai tangu ujana wangu: hotelini, kwenye kampuni za mizigo, hata kwa daktari mmoja wa meno aliyejiona msanii. Wote hao walikuwa na majivuno ya kadiri. Lakini hawa walioniajiri baadaye, waliokuwa na karakana ya injini za roketi pale eneo huru la biashara la uwanja wa ndege, walizungumza habari za sayari nyingine wakati choo cha wafanyakazi kimeziba wiki nzima na hakuna aliyejali.

Injini yenyewe haikuwa kubwa kuliko ndoo ya kuogea. Kompyuta iliichora, mashine ikaichapa kwa shaba, safu juu ya safu, ikatoka inang'aa kama sufuria la harusi. Bosi wetu aliipapasa kila alipopita karibu nayo na kuiita "mtoto wetu". Watoto wake wa kuzaa walipopiga simu ofisini, mimi ndiye niliyeambiwa niseme baba yupo mkutanoni.

Kazi yangu ilikuwa wageni. Siku za kuijaribu injini tulihamia jangwani, nje ya mji, ambako kampuni ilijenga kitako cha zege chenye fremu ya chuma. Injini ilifungwa pale kwa boliti nene isije ikaruka. Pembeni yalisimama matangi mawili, moja la mafuta ya taa, jingine la oksijeni iliyopozwa mpaka ikawa kimiminika. Nyuma ya injini, upande moto unakotokea, palikuwa na tuta la mchanga, kisha ua wa waya uliozunguka eneo lote. Mbali kabisa upande wa pili lilikuwepo hema la wageni, lenye kiyoyozi, gahawa, tende na viti vyeupe. Hesabu ilirudi nyuma mpaka sifuri, moto ukatoka kwa sekunde chache na kishindo cha kutikisa kifua, kisha kimya. Hapo watu wazima wenye shahada walikumbatiana na kulia machozi. Mimi nilikusanya vikombe.

Mahali pale palikuwa na sheria moja, na ilikuwa sheria nzuri, ndiyo maana jinsi walivyoichezea iliniudhi. Mtu yeyote, awe mhandisi au mfagiaji, akiona jambo linalomtia wasiwasi, alitakiwa aseme "Hold" mara tatu kwenye redio yake ya mkononi, na kila kitu kinasimama. Haulizwi cheo, wala hapewi adhabu hata kama amekosea. Bosi aliipenda mno sheria hiyo, kwa kuwa wageni waliipenda. Basi akaigeuza mchezo. Katika kila ziara, kabla ya kuwasha, alimwita mfanyakazi wa chini mbele ya hema zima, akamshikisha redio, akamwambia, "Yalla, wasimamishe!" Maskini yule alitamka maneno yake kwa lafudhi ya kwao, wahandisi wakajifanya wameshtuka, na wageni wakapiga makofi. Nami nilishawahi kuchaguliwa. Nilisema "Hold, hold, hold" kama mtu anayeita teksi, nikashangiliwa, nikajiona kasuku.

Mlinzi wa ua alikuwa kijana wa Tabora, mrefu, mwenye kucheka polepole. Aliletwa na wakala wa ulinzi na viza yake ilikuwa mikononi mwa wakala huyo. Alikuwa akilala chumba cha watu wengi mtaa wa Discovery Gardens, kila kitanda na pazia lake. Mkewe naye yupo hapahapa Dubai, mtumishi wa nyumbani kwa madam mmoja, analala humohumo kwa madam. Mtu na mkewe, mji mmoja, na hawana mahali pa kukaa pamoja hata saa moja. Jumapili mke alipopata ruhusa, walikutana mtaa wa Satwa baada ya kanisa, wakakaa kwenye benchi la kituo cha basi wakashikana mikono kama wanafunzi.

Mimi ni mtoto wa Satwa. Baba yangu alitoka Unguja kabla sijazaliwa, akafungua duka la ushonaji, na sisi hatujatoka huko. Siku niliyowaona kwenye benchi lile, na jua lile, niliona haya kwa niaba ya mji mzima. Nikawachukua nyumbani, nikawapa chai, nikawaambia, "Sebule ni yenu mpaka magharibi, mie naenda kwa dada yangu." Tangu siku hiyo kijana akaniita mama na mimi nikamwita mwanangu. Kila Jumapili waliyojaliwa, sebule yangu ilikuwa yao.

Sasa ikaja siku ya mgeni mkubwa, tajiri ambaye bosi alimngoja kama mwezi wa Idi. Mchezo wa redio ulishachezwa. Safari hii alichaguliwa mpika chai, na makofi yakapigwa. King'ora kikalia. Hesabu ikaanza kurudi nyuma, wageni wamevaa helmeti nyeupe na vizuia kelele masikioni, simu zote juu zinarekodi. Ghafla kwenye kipaza sauti cha hema ikatoka sauti ya mwanangu: "Hold, hold, hold."

Wageni wakapiga makofi.

Wallahi, walipiga makofi. Mmoja akapiga na mluzi. Bosi mwenyewe alitabasamu kwanza, akageuka kutafuta ni nani amemwongezea mchezo. Alipoona mhandisi anayeongoza jaribio, mama mmoja mkimya asiyependa hema wala gahawa, amekwisha bonyeza kitufe na namba kwenye skrini zimeganda, tabasamu likamwanguka.

"Kuna kitu nyuma ya tuta, sir," sauti ilisema.

Wakarusha kamera ya angani. Ilipofika juu ya tuta haikuona kitu ila mfuko wa plastiki ulionasa kwenye kichaka, unapepea. "Plastiki!" bosi akawatangazia wageni huku akicheka, na wao wakacheka. Lakini oksijeni ya namna ile haingoji mtu. Inachemka na kupotea yenyewe hata kwenye jangwa la asubuhi, sembuse la mchana. Mpaka waseme kurudia inawezekana, tangi lilikuwa limepungua na mgeni mkubwa alikuwa ana ndege ya kuwahi. Alimpa bosi mkono bila kuvua miwani, akaondoka. Moto hakuuona.

Bosi hakumwendea mlinzi wala kumwuliza neno. Alitoka nje ya hema, akapiga simu kwa wakala, akasema yule asirudi. Wakala naye hakuuliza. Walifuta viza, khalas, kijana akabaki na zile siku wanazompa mtu atafute mwajiri mwingine au afunge sanduku. Kesho yake asubuhi nilipita getini nikaliona bango la sheria ile, lenye picha ya mkono ulioinuliwa na maandishi yasemayo kila mtu ana haki ya kusimamisha. Lilikuwa limepanguswa vumbi.

Jumapili ile walikuja Satwa kama kawaida. Mkewe hakunywa chai. Alikaa ameshika mkono wa koti la mumewe, akaniuliza, "Mama, akiondoka yeye mimi nitabaki na nani hapa?" Nilisema Mungu yupo, nikaenda jikoni kuosha masufuria safi.

Na hapo ndipo palipotokea kioja. Katika hema lile siku ile alikuwemo mgeni mwingine, mzee mwenye mvi, wa kampuni inayounda chombo kipya cha kurushia satelaiti na iliyotafuta injini za kununua. Akaandika kwamba anakuja tena, na kwamba kabla ya kutia saini angependa kumwona yule mlinzi. Alisema kuwasha injini kila mtu anaweza. Yeye ananunua kwa watu wanaojua kuizima.

Bosi alinijia mezani kwangu mbio, yeye ambaye kwa kawaida alinitumia ujumbe kutoka umbali wa hatua chache. "Yule rafiki yako wa ua," alisema. "Mtafute. Mwambie tunamrudisha, viza ya kampuni yenyewe, si ya wakala. Ila azungumze vizuri na mgeni." Nikamwuliza vizuri ni vipi. Akanitazama kama mjinga. "Aseme anajivunia. Aseme atafanya tena. Ni hivyo tu."

Nilikwenda mwenyewe Discovery Gardens. Nilimkuta ameketi kitandani nyuma ya pazia lake, sanduku limekwisha fungwa mkanda. Nilipomweleza, alisimama akagonga kichwa kwenye kitanda cha juu.

"Viza ya kampuni, mama? Kweli?"

"Ndivyo alivyosema. Wewe ujibu tu anavyotaka. Ukiulizwa utasimamisha tena, sema yes sir, always. Basi."

"Yes sir, always," alirudia, akacheka kwa mara ya kwanza tangu mambo yale. Akampigia mkewe palepale, nikasikia mwanamke analia na kucheka kwenye simu moja.

Siku ya mgeni, pale karakanani, walimvisha sare mpya yenye nembo ya kampuni kifuani, bado ina mikunjo ya pakiti. Wakamsimamisha kando ya injini ya maonyesho, taa zinaimulika shaba, na mpiga picha tayari. Bosi alimwekea mkono begani, yeye ambaye hakuwahi kulijua jina lake mpaka nilipomwandikia kwenye karatasi asubuhi ile. Mgeni akaja, akampa mkono kwa heshima, akamwuliza swali ambalo tangu siku ile hakuna hata mmoja wetu, mimi nikiwemo, aliyemwuliza.

"Uliona nini nyuma ya tuta?"

"Mtu, sir," alijibu. "Mwanzo niliona kitu tu kinasogea. Alikaa chini, kwenye kivuli cha tuta. Alikuwa anakula kwenye kopo. Nadhani fundi wa nje ya ua, wale wanaolaza bomba. Kamera iliporuka akaogopa, akakimbia akapitia chini ya waya."

Bosi akacheka kile kicheko chake cha hemani na kusema kamera ilionyesha plastiki. Kijana akamjibu, kwa adabu kabisa, "Plastiki pia ilikuwepo, sir. Alifungia chakula."

Nilifikiri juu ya ule moto, jinsi unavyolilamba tuta na kumwagikia upande wake wa pili, na mtu amekaa pale anatafuna chakula chake. Hasira ikanipanda mpaka masikioni.

"Basi uliokoa maisha ya mtu," mgeni akasema. "Ikitokea tena, utasimamisha?"

Niliona midomo ya bosi inacheza, inamsemea. Mimi mwenyewe nilikuwa namsemea kimoyomoyo: yes sir, always, mwanangu, sema twende zetu. Kijana alimtazama mgeni, akamtazama bosi, kisha akaishushia macho ile sare mpya aliyovishwa.

"No, sir," alisema. "Nina mke hapa."

Mgeni hakucheka. Alilielewa jibu lote, niliona jinsi lilivyomwingia. Akamshika mkono tena kwa mikono yake miwili, akasema, "Asante kwa ukweli wako." Macho yake yalikuwa na unyevu. Halafu akaingia chumba cha mkutano na bosi, mlango ukafungwa, na walipotoka mkataba ulikuwa umetiwa saini. Niliagizwa nilete juisi.

Nilipata kudharau watu wengi katika kazi hii, lakini kwa bosi angalau sikutarajia kitu. Yule mzee mwenye mvi na machozi yake ndiye aliyenitia kichefuchefu. Alikuja kutafuta watu wanaojua kusimamisha, akaambiwa usoni kwamba hapa hawapo tena, akaguswa moyo, akanunua.

Kijana alivua sare chooni, akaikunja vizuri, akaniletea mezani. "Nimeharibu, mama?" aliuliza. Nikamwambia hakuharibu kitu. Alisema alitaka kabisa kusema yes, alilala akifanya mazoezi, ila mzee yule alimwuliza kama mtu anayetaka kujua kweli. Viza hawakumpa. Tulimsindikiza uwanja wa ndege, mkewe na mimi, kwa ruhusa niliyomwombea kwa madam wake kwa kusema uongo mwingi. Siku hizi mkewe huja peke yake Jumapili, anakaa sebuleni kwangu, anazungumza naye kwenye simu mpaka magharibi, na mimi bado naondoka kwenda kwa dada yangu kuwaachia nafasi.

Nilikaa pale majaribio machache zaidi, mpaka nilipopata kazi kwingine. Mchezo wa redio uliendelea, makofi yakaendelea, bango likaendelea kupanguswa. Uani aliwekwa mlinzi mpya, kijana mpole aliyekuwa amesimuliwa habari za mwenzake. Kila hesabu ilipoanza kurudi nyuma nilimtafuta kwa macho kule mbali kwenye waya. Alisimama wima, redio mkononi, tuta likiwa nyuma ya mgongo wake, uso wake ameuelekeza hemani, anamtazama bosi.