Kona Iliyomeguka

Makarius amefyatua matofali miaka ishirini na miwili, nusu ya mtaa wa Nsemulwa inalala ndani ya jasho lake, na yeye mwenyewe hana hata choo. Alitoka Usevya akiwa kijana, kwapani kabeba kibao cha kufyatulia alichoachiwa na baba yake, kilichomeguka kona moja. Kila tofali lake lina kovu hilo. Mkewe Romana analijua, maana ameanika maelfu.

Walipanga vyumba viwili na sebule, na nyumba yenyewe ilikuwa balaa. Mvua zikianza, unyevu ulipanda kutoka sakafuni hadi kimo cha mtoto. Ukungu mweusi ulitanda nyuma ya kitanda, godoro likanuka, sare za shule zikaota madoa. Romana alisugua kwa jiki, akapaka chokaa, akahamisha kitanda huku na kule. Wiki mbili hazipiti, ukungu umerudi kama ndio mwenye nyumba.

Kilichowanyima raha ni kifua cha binti yao Imakulata, wa miaka sita, aliyekuwa akihema kwa mluzi. Daktari aliwaambia waziwazi: akiendelea kulala kwenye ukungu, dawa ni kazi bure.

Basi Makarius akambembeleza mzee Alois, mwenye nyumba, hadi akakubali. Plasta ingebanduliwa, ukuta ungeachwa wazi kiangazi kizima ukauke, ndipo upigwe upya. Kazi angeifanya Makarius. Asubuhi ya kuanza kazi, Mungu amsamehe, alikuwa akiimba.

Plasta ilidondoka mapande kwa mapande. Akagonga tofali kwa nyundo, halikulia kama lililoiva. Akalikwangua kwa kisu, likamomonyoka kama kiporo cha ugali. Ndipo akaiona kona. Akatazama la pili yake, la tatu, ukuta mzima. Zote zimemeguka.

Alilikumbuka tanuri lililotoa matofali hayo. Mvua ilimwahi, moto ukazimika siku ya pili, yakaiva ya katikati tu. Mwenye lori alipokuja kununua, Makarius aliokota mawili mazuri, akayagonganisha yakalia, akaapa kwamba yote yako hivyo.

"Baba Ima, umegundua nini?" Romana aliita kutoka uani.

"Matofali. Hayakuiva."

"Lo! Aliyeyachoma ana roho gani? Mtoto wangu anakosa pumzi kwa ajili ya mtu kama huyo! Mungu anamwona."

"Anamwona," Makarius akajibu.

Akasikia kandambili za Romana zinakuja. Akawahi mlangoni, akamwambia vumbi ni jingi, asiingie na mtoto. Kisha akachanganya saruji mbiombio, akaanza kuziba. Kabla jua halijazama hapakuonekana tofali hata moja, na ndani ukuta ulikuwa umelowa vilevile.

"Si ulisema tuuache ukauke?" Romana alishangaa.

"Nimeupima. Umekauka."

Romana akamshukuru, tena kwa moyo wote, akarudisha kitanda mahali pake. Imakulata akapanda, akaugusa ukuta kwa kiganja.

"Baba, mbona baridi?"

"Ni saruji mpya, mama. Sasa umepona."

Hiyo ilikuwa mara ya pili Makarius kuyaapia matofali yale. Mtoto akamwamini, akageukia ukutani, akalala.