Bluu Aliyomwekea Mutindi

Ukifika mji mdogo wa Salama ukauliza fundi wa picha za marehemu, utaonyeshwa kibanda cha Ndolo kabla hujamaliza swali. Mabango ya nusu ya maduka ya pale ni mkono wake, lakini hayo ni ya kutafutia unga. Jina alilipata kwa zile picha zinazotundikwa sebuleni baada ya mazishi: uso wa mama au wa babu, na nyuma yake bluu ambayo fundi mwingine yeyote, kutoka Kambu hadi Kwa Vonza, hakuwahi kuipata.

Haikuwa bluu ya dukani. Mwaka wa themanini na nne, mtawa mmoja mzungu aliyekuwa akichora kuta za kanisa huko Kitui alimwajiri Ndolo, akiwa kijana wa miaka ishirini na minne, amsagie rangi. Mtawa alipokuwa akirudi kwao Ulaya alimwachia mkebe mzima wa unga wa bluu ya manganizi, rangi itokanayo na madini. Unga mzito ule, ukiutia majini unazama kama mchanga. Lakini uchanganye na mafuta, upake kwenye mbao, utapata mbingu ya asubuhi baada ya mvua, na sisi watu wa Ukambani tunajua asubuhi kama hizo ni ngapi kwa mwaka. Ndolo alianza na bluu kila mara. Alipaka mbao yote, kisha ndani ya ile bluu mbichi akautafuta uso kwa rangi ya kahawia, kidogo kidogo, hadi mtu atokee. Njia nyingine hakuijua wala hakujisumbua kuitafuta.

Mkebe ulipofika nusu akaenda kuulizia Nairobi. Muuza rangi za wasanii akamwambia viwanda viliacha zamani kuitengeneza, eti kazi yake ina sumu. Iliyobaki ni ya kuiga, imeandikwa jina lilelile kwenye tyubu. Tangu siku hiyo Ndolo akawa anapima unga kwa kijiko cha chai. Mkewe Mutindi alipofariki mwaka jana, vilibaki vijiko vinne ndani ya chupa ya jamu.

Hivyo vinne akamwekea Mutindi, kwa picha yake. Watu walikuja na misiba yao akawakataa, hata wa kanisani kwake. Lakini kuanza hakuanza. Miezi kumi na moja, mzee mzima, anafungua chupa, anaitazama, anaifunga. Niseme ukweli, aliogopa. Uso ukishatokea kwenye mbao, Mutindi angekuwa marehemu kama wale wengine wote.

Chupa ilikaa jikoni, kwenye rafu ya sabuni, mahali Mutindi mwenyewe alipoiweka ili jua la kibandani lisiipate. Na jikoni sasa ni kwa Kalekye, mke wa mwanawe Kisilu. Kwetu baba mkwe na mke wa mwana hawaongei ovyo. Hawatazamani usoni, hawaketi karibu, na la kuambiana hupitia kwa mama mkwe. Mwambie baba maji ya kuoga yako tayari. Mwambie chumvi ilizidi. Mutindi alibeba maneno yao miaka tisa. Alipoondoka yalikosa wa kuyabeba, na hakuna aliyewahi kumwambia Kalekye kilichokuwa ndani ya ile chupa.

Ibada ya kumbukumbu ilipangwa Jumamosi. Jumatatu asubuhi Kalekye, mwanamke wa bidii kabisa, akatoa vitambaa vyeupe vya makochi, vile Mutindi alivyofuma kwa mkono wake, avifue ving'ae kwa ajili ya wageni. Bluu ya kufulia ilikuwa imeisha. Akaiona chupa. Akaimimina yote kwenye karai, akashangaa haiyeyuki, akakoroga, akachovya, akasuuza, kisha maji akaenda kuyamwaga chooni.

Ndolo alipoona vidoa vya bluu yake kwenye vitambaa vilivyoanikwa, aliingia jikoni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya mkaza mwanawe akiwa ndani. Kalekye akarudi nyuma hadi ukutani, macho chini.

"Baba, nilidhani ni ya nguo," alisema. "Hakuna mtu aliniambia."

Ndolo alitaka kufoka, na hata kufoka desturi ilimnyima. Alichukua chupa tupu akaenda nayo kibandani, akalia huko mpaka kifua kikamuuma. Kalekye alitumia asubuhi moja. Yeye Ndolo alikuwa na miezi kumi na moja, na siku yoyote kati ya hizo angeweza kuchora.

Kesho yake basi la Nairobi lilimletea tyubu ya ile bluu ya kuiga aliyoagiza. Akapaka mbao. Ilikuwa bluu, sawa, lakini alipoanza kuutafuta uso, ile rangi ikapanda kwenye kahawia, shavu likawa kijani. Akaongeza kahawia, kijani kikarudi. Akafuta, akaanza upya. Picha ya kitambulisho, ndogo kama ukucha, haikumsaidia, maana pale Mutindi amekaza uso kama kila mtu. Kufikia Ijumaa kijani kilikuwa kimeisha, ila pua ilikuwa imenenepa kwa rangi, na macho alikuwa ameyarekebisha mara nyingi hata hakukumbuka yalivyokuwa mwanzo. Kilichomtisha zaidi ni kwamba alipofumba macho amwone mkewe, alimwona huyu wa kwenye mbao.

Jumamosi, Ndunge, dada yake Mutindi, alifika mapema kutoka Kwa Vonza. Alisogea karibu na picha.

"Shemeji, huyu ni nani?"

"Nilikuwa nakungoja wewe," Ndolo alisema. "Nilidhani utaniambia ni wapi nimekosea. Mimi simwoni tena, Ndunge. Nimempoteza."

Ndunge alifungua leso iliyokuwa kiunoni, akaifunika picha. Wageni walipoingia wakaambiwa haijakauka.