Keki Zilizoanikwa kwenye Ungo

Keki iliyotoka kwenye friza haifunuliwi haraka. Unaiacha humo humo ndani ya kopo lake na kifuniko chake, mpaka jasho lote litokee juu ya plastiki na keki yenyewe ibaki laini. Ukiifungua mapema kwa hewa hii yetu ya Dodoma, hewa inayopasua midomo hata ya mtoto mchanga, keki inanyonywa maji yote na kubaki kama unga wa mbao. Hayo sikufundishwa na mtu. Niliharibu nyingi, nikala nilizoharibu, nikanenepa kidogo, nikajua.

Mimi ni wa Kibakwe. Shule iliniishia kidato cha pili, nikaja mjini kufanya kazi za ndani, baadaye nikapanga chumba changu mwenyewe. Nilikuwa naoka kwa mkaa: sufuria kubwa yenye mchanga, makaa chini, makaa juu ya mfuniko. Keki zangu zilikuwa ndogo, za vikombe vya karatasi, na ndani yake zabibu kavu za Makutupora. Zilitoka zimevimba kama mashavu ya mtoto aliyenuna. Zikitoka hivyo nilikuwa nacheka peke yangu kama mwehu.

Friza sikuwa nayo. Aliyekuwa nayo ni jirani yangu wa chumba cha mbele, muuza barafu za ubuyu na maziwa. Nilimwita dada. Siku nahamia, sina hata ndoo, yeye ndiye aliyeniletea maji ya kuoga, na jioni akanivuta mkono tukale wote ugali na mlenda wake. Tangu siku hiyo tulikula sahani moja. Kona moja ya friza yake alinipa, akasema, "Hapa ni pako, mtu asiguse."

Basi kulikuwa na mgahawa wa mama mmoja karibu na stendi. Mlangoni ana kabati la kioo: chini sambusa, katikati chapati na mayai ya kuchemsha, rafu ya juu haina kitu. Nilikuwa nikipita pale napunguza mwendo. Naziona keki zangu kabisa pale juu, zimepangwa, taa inaziwakia, watu wananyoosha vidole. Siku moja nikajipa moyo nikaingia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Chai au supu?"

"Hapana mama, mimi naoka."

"Na mimi naokwa, na jua hili. Sema shida yako, mwanangu."

Nikasema yote kwa pumzi moja. Alinisikiliza huku anakatakata nyama, mwisho akasema, "Lete Jumamosi nionje. Zikinipendeza, rafu ya juu ni yako."

Nilirudi nyumbani karibu nikimbie. Dada alipiga kigelegele mpaka wateja wake wakageuka. Nikaoka siku hiyo hiyo, kwa sababu kesho yake, Ijumaa, nilikuwa na kibarua cha kuvuna zabibu Makutupora. Keki zilipopoa nikazipanga kwenye makopo mawili, moja la kuonja na moja la akiba, bila krimu, nikaziweka kwenye kona yangu. Dada alisimama nyuma yangu anafunga vifuko vya barafu.

"Sasa hizi ukitoa, unafanyaje?"

Nikamweleza. Mimi ndivyo nilivyo, nikiulizwa jambo la keki siwezi kunyamaza. Katikati ya maelezo mteja akaita barafu, dada akatoka. Aliporudi alisema tu, "Nimekuelewa, fundi wangu."

Ijumaa nilirudi jioni nimechoka, nikalala kama gogo. Jumamosi alfajiri nafungua friza, kopo ni moja. Niliamini dada amekula. Anazipenda, na mimi ningemlaumuje mtu aliyenipa kona? Nikatoa lile lililobaki, nikalisubiri taratibu mpaka likaacha kutoa jasho, nikavaa gauni langu la kanisani, nikaondoka.

Yule mama aliponiona na kopo hakunikaribisha kiti.

"Kumbe wewe ndiye msichana wake."

"Msichana wa nani, mama?"

"Wa yule muuza barafu. Si alikuja hapa jana? Akasema keki ni zake, wewe unamsaidia kukoroga, na juzi alikutuma tu uje kuniulizia." Akashusha sauti. "Zilikuwa kavu, mwanangu. Mteja wangu mmoja alipaliwa, nikampa maji, akaniangalia kama nataka kumuua. Nikamwambia mwenzio. Akasema, huyu msichana wangu ndiye ameharibu, nitamkalisha chini."

Nilikaa, japo sikukaribishwa. Msichana wangu. Nimewahi kuwa msichana wa watu, nalijua neno hilo linavyoitwa kutoka chumba kingine.

"Mama, naomba onja hizi."

Akang'ata. Akatafuna polepole. Akang'ata tena bila kuombwa.

"Hizi ni laini," akasema. "Laini kweli." Akaifuta midomo kwa khanga. "Lakini yeye ameahidi kuleta nyingine Jumatatu, na nimemkubalia. Malizaneni huko kwenu nani ni mwenye keki. Mimi sitaki wanawake wawili waje kuvutana nywele mbele ya supu yangu."

Nilimkuta dada uani, ungo wa mlenda umewekwa juani kama kawaida. Pembeni ya majani yale makavu niliona makombo ya njano, na kuku mmoja anayadonoa.

"Dada, ulipeleka keki zangu."

Hakushtuka. "Nilikusaidia, mdogo wangu. Wewe mwoga wa watu. Nikasema ngoja nikutangulie."

"Ulisema mimi ni msichana wako."

"Aa, maneno tu hayo! Ulitaka niseme nini? Halafu friza ya nani? Umeme wa nani?" Akacheka, akanisogezea kigoda kwa mguu. "Kaa basi, umevimba kama keki zako. Hebu niambie, zile ulisema zifunikwe mpaka lini? Maana mimi nilizianika kwenye ungo na mlenda ziyeyuke upesi. Jumatatu nataka zitoke vizuri."

Sisi huku kila kitu tunaanika. Majani, mboga, zabibu, hata nyama. Kwa hiyo na keki zangu alizianika, upepo na vumbi vikapita juu yake asubuhi nzima. Lakini hilo silo lililonimaliza. Aliuliza kwa uso ule ule wa kila siku. Nilimtazama nikitafuta mahali aibu ilipojificha, sikupaona. Na mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka kumjibu.

Nikaufunga. Nikaingia ndani.

Jumatatu asubuhi aligonga mlango wangu. "Mdogo wangu, umewasha moto? Nikuletee mkaa? Mama wa watu anasubiri."

Nilikuwa macho, nimelala chali. Kama ningewasha, keki zangu zingefika kwenye ile rafu, hilo nilijua. Zingekaa chini ya taa kama nilivyoziota, na watu wangeuliza ni za nani, na wangejibiwa jina lake.

"Leo sioki, dada."

Akasema, na sauti yake ilikuwa imeumia kweli, haikuwa ya kuigiza, "Kwa hiyo na wewe unanifanyia hivi? Mimi niliyekupokea?"

Nililia hapo. Nilimhurumia, nikajiona mjinga kwa kumhurumia, nikaendelea tu kulia. Aligonga mara nyingine, pole pole, kama mtu anayegonga kwa mgonjwa. Mlango sikuufungua.