Chupa Isiyotiwa Vitamini

Habari zilinikuta Wandegeya nikila katogo ya ndizi na utumbo: jirani yangu wa Kawempe, mtaalamu wa uhimilishaji wa ng'ombe, amefariki kwa ugonjwa wa ini. Wasomaji wangu wanajua siwaamini marehemu wa kwenye hotuba. Watu wakishakufa, mkorofi huwa mpole na mvivu huwa mchapakazi. Huyu alikuwa mbishi, na nitamzika akiwa mbishi. Sasa kwa kuwa wanajeshi waliotutawala na kutuziba midomo wamekimbia na magari yetu, naweza kueleza alivyopoteza kazi.

Kazi yake ilikuwa kuchukua mbegu za fahali, kuzichanganya na kiini cha yai, kuzihifadhi kwenye baridi, kisha kuwapandishia majike ya wafugaji. Mbegu zikikaa huharibiwa na hewa, kama chuma kinavyoshika kutu. Alisoma mahali kwamba vitamini huzikinga. Mwingine angeshangilia, yeye aligawa mbegu katika chupa mbili, moja yenye vitamini na nyingine bila, akawa anaandika kila ng'ombe amepata ya chupa ipi. Afande mmoja, mwenye shamba ambalo hata yeye hakumbuki alilinunua lini, akafika kituoni na Kiswahili chake cha kambini. "Wewe daktari, weka vitamini kwa yote." "Afande, nikitia kwa zote hatutajua kama inasaidia." "Nani nataka kujua? Mimi nataka ndama." Akaondoka na kopo zima la vitamini. Habari za dawa ya kuimarisha mbegu za dume zilikuwa zimemgusa moyoni, au chini kidogo ya hapo.

Ng'ombe wake alipandishwa kwa chupa isiyo na vitamini, na akazaa. Afande akaitisha mkutano kituoni ili wafugaji waambiwe wote wanunue vitamini, nami nikatumwa na gazeti. Jirani yangu alipoanza kuinuka nilimvuta koti. "Ssebo, bwana wangu, kaa chini. Una watoto." "Na hawa je? Watanunua kitu ambacho mimi mwenyewe sikijui." Akasimama. "Samahani, afande. Ng'ombe wako hakupata vitamini. Ile ya kopo ulimeza wewe." Kesho yake alifukuzwa, daftari lake likachomwa, na mpaka anafariki alikuwa akiuza mkaa Bwaise. Hakuwahi kusema vitamini haisaidii. Alisema hajui, na amekufa bila kujua.

Kwenye mazishi mkubwa wa serikali ya sasa, mwenye suti badala ya magwanda, alisema vitamini za marehemu ziliijaza nchi ndama. Watu wakaitikia kwa makofi. Nikasimama, safari hii bila mtu wa kunivuta koti, nikauliza ndama hao walilinganishwa na wepi. Alinitazama kwa jicho ninalolifahamu vizuri, lile lile la afande. Funzo nililoondoka nalo ni kwamba serikali inaweza kutoroka ndani ya siku moja, ila tabia ya kupokea jibu kabla ya kuuliza swali haikupanda lori pamoja nayo.